Ikiharibika, Nani Ataifungua?

Tulimsomea Bi Amina hitma mwezi uliopita, nyumbani kwa mdogo wake kule Njiru, na mimi badala ya kutulia na juzuu yangu ya Kurani nikawa nasikiliza maneno ya watu. Ndivyo nilivyo. Kukaa mahali pamoja hakujawahi kuniingia, na masikio yangu ndiyo hayatulii zaidi. Pilau ilikuwa bado jikoni, harufu yake imejaa sebule nzima, na nyuma yangu wasichana wawili walikuwa wakibishana kwa kunong'ona. Mmoja alitaka kununua kompyuta ya kuhariri picha. Mwenzake alimwambia achukue Mac, rangi zake hazidanganyi. Yule wa kwanza akasema la, Windows, kwa sababu programu zote ziko huko na akiichoka atapata wa kumuuzia. Wakataja kumbukumbu, wakataja skrini, wakataja kasi ya diski, na mimi nikabaki nimeuma ulimi. Nilitaka kugeuka niwaulize swali moja tu, lile ambalo marehemu aliniuliza nilipokuwa na umri wao, nami nikamwona mshamba. Sikugeuka. Nilijua nikifungua mdomo nitalia, tena kwa hasira, maana wale wasichana hawakujua hata kwamba mwanamke tunayemsomea ndiye aliyewapiga picha mama zao walipokuwa maharusi.

Mwaka ninaoukumbuka ni ule ambao filamu zilianza kuadimika mjini. Bi Amina alikuwa mpiga picha wa upande wa wanawake, na anayezijua harusi zetu za Majengo na Eastleigh hahitaji kuelezwa hiyo ni kazi gani, lakini nitaeleza. Siku ya kupamba, mwanamume hakanyagi ukumbini. Bibi harusi anakaa jukwaani nywele wazi, mabega wazi, hina imepanda hadi viwikoni, na wale wanawake unaowaona barabarani wamejifunika gubigubi wanavua mabuibui mlangoni, na chini yake, jamani, kuna mambo! Hapo ndipo Bi Amina alipoingia na kamera yake. Walimvulia kwa sababu walijua picha zile zitapita wapi. Zilitoka kwake zikaenda kwa rafiki yake aliyefanya kazi katika studio moja mjini, mwanamke mwenzake, ambaye filamu zetu alizisafisha mwenyewe mlango ukiwa umefungwa, kisha zikaingia kwenye albamu, na albamu ikaingia kabatini kwa bibi harusi, chini ya nguo. Hakuna jicho la mwanamume lililozigusa. Halafu yule rafiki akastaafu akarudi kwao pwani, studio ikauza mashine yake, na Bi Amina akabaki na kamera nzuri akiwa hana pa kupeleka filamu zake. Ikabidi tuingie dijitali kama watu wote, na dijitali inataka kompyuta.

Chumba chetu kilikuwa Huruma, ghorofa ya pili, kwenye jengo ambalo ngazi zake zilikuwa na maji mwaka mzima kwa ajili ya mitungi iliyokuwa ikipandishwa kutwa. Kulikuwa na dirisha moja, na nje ya dirisha nguo za majirani wa juu zilikuwa zikitudondokea. Bi Amina alitundika pazia la kijani likakigawa chumba: mbele meza na viti vya wageni, nyuma kazi. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nimetoka kwenye kozi fupi ya upigaji picha, najua kila kitu. Siku nzima nilikuwa nikizunguka kutoka dirishani hadi mlangoni, mlangoni hadi dirishani, nikilalamika kwamba wenzangu niliosoma nao tayari wanahariri kwa kompyuta na sisi bado tunafuta vumbi kwenye albamu. "We Zuhura, kaa chini," Bi Amina alikuwa akiniambia. "Unanitia kizunguzungu." Nilikaa. Baada ya muda mfupi nilikuwa nimesimama tena.

Mjadala wenyewe ulifanyika wakati wa chakula cha mchana, juu ya chapati na maharage ya madondo tulizonunua chini kwa Mama Brayo, ambaye kibanda chake kilikuwa mkabala na mlango wa jengo. Tulikuwa wanne. Alikuwepo Hamisi, mpwa wa Bi Amina, mtu mzima mwenye mke, aliyekuwa akiuza simu za mitumba na kuamini kwamba hakuna kitu chenye waya asichokijua. Alikuwepo Nyambura, jirani yetu wa chumba cha pili, aliyekuwa akisomea kompyuta chuoni na kula kwetu kwa sababu aliona uvivu kujipikia peke yake. Hamisi ndiye aliyeanza. "Chukueni Windows, Auntie, muache mambo mingi. Kila mtu ako nayo. Ikikataa, unashuka tu hapo chini kwa Otis, anaiweka sawa ukingoja." Nyambura akacheka. "Hiyo Windows yenyewe mtaweka ya magendo, na ya magendo inakuja na wageni wake. Mimi ningeweka Linux. Ni ya bure, na zile virusi za flashi ya kila mtu haziisumbui." Mimi nikasema Linux haina programu niliyojifunzia, na haina zile fremu za harusi ambazo wateja wanazitaka, na kama wangenisikiliza mimi tungetafuta Mac iliyotumika, kwa sababu kwenye kozi niliiona moja na ngozi ya mtu ilionekana ngozi ya mtu. Tukaanza kupayuka sote watatu kwa pamoja.

Bi Amina alikuwa akichana chapati yake vipande vidogo, kama kawaida yake alipokuwa akifikiri. Akangoja tuishiwe na pumzi. "Ikiharibika," akauliza, "nani ataifungua?"

"Fundi," Hamisi alisema.

"Fundi nani?"

"Otis. Ama yeyote. Mafundi wamejaa."

"Wanaume?"

Hamisi akanitazama akitaka nimsaidie kucheka. "Auntie, unataka fundi wa kike, Huruma hii?"

Bi Amina akanigeukia mimi. "Na hiyo yako ya rangi nzuri?" Nikasema hiyo inapelekwa mjini, kwa wataalamu. "Wanaume?" Nikachovya chapati yangu kwenye madondo. Nyambura, ambaye hakuwa Mwislamu wala hakuwa amewahi kuingia kwenye kupamba, ndiye pekee aliyekuwa ameelewa swali. "Yangu ataifungua Zuhura," alisema. "Zuhura anajua?" Bi Amina akauliza. "Bado, lakini atajua." Bi Amina akatikisa kichwa, akala kipande chake cha chapati. Nilimwona mama wa zamani anayezungumza kuhusu kompyuta kana kwamba ni sanduku la nguo za ndani. Leo nina studio yangu mwenyewe, nimenunua na kuuza mashine nyingi, nimekaa kwenye semina nikisikiliza vijana wakilinganisha hii na ile, na bado sijamsikia mtu akiuliza swali lile.

Tulichukua Windows. Harusi za baada ya Ramadhani zilikuwa zinakaribia, hakuna aliyekuwa na muda wa kujifunza jambo jipya, na Hamisi alikuwa tayari amepata mashine. Bi Amina alikubali kwa sharti moja, akalisema huku amemkazia macho mpwa wake: kompyuta hii haitoki ndani ya chumba hiki bila yeye kujua. "Sawa, Auntie," Hamisi alisema. Na wallahi kwa wiki kadhaa nilikuwa na raha isiyo kifani. Nilikuwa nakaa nyuma ya pazia la kijani nikilainisha nyuso, nikitoa chunusi, nikiwazungushia maharusi fremu zenye waridi na yale mabata meupe yenye shingo ndefu. Nilikuwa nikiruka kutoka picha hadi picha hata kula nilisahau. Bi Amina alikuwa akija nyuma yangu akitazama. "Hayo mabata yanafanya nini hapo?" aliuliza. Nikamwambia ni mapenzi. Akaguna.

Nasra alitujia katika msimu ule. Alikuwa msichana wa Majengo anayeolewa Eastleigh, katika familia yenye msimamo mkali kuliko kwao, na mama mkwe wake alikuja mwenyewe chumbani kwetu kukagua kabla hajakubali. Alifunua pazia, akatazama nyuma ya mlango, akauliza funguo anazo nani. Siku ya kupamba, Nasra alitoa vibanio vyake nywele zikashuka hadi kiunoni, wanawake wakapiga vigelegele mpaka nikaziba sikio moja. Nilimpiga picha akicheka, kichwa amekiinua, nywele zote upande mmoja. Nilijua pale pale kwamba ndiyo picha bora niliyowahi kuipiga. Niliifanyia kazi siku nzima na sikuiwekea bata hata mmoja.

Kisha mashine ikafa. Mteja mmoja alikuwa ametuletea nyimbo kwenye flashi, na tangu siku ile kompyuta ikawa inawaka, inafika nusu, inajizima, inaanza upya. Nilihangaika nayo hadi nikaipiga kofi. Kesho yake tulikuwa na msiba Majengo, tukafunga chumba tukaenda. Hamisi alikuwa na ufunguo wa akiba. Tuliporudi jioni, jua bado liko, tulimkuta amekaa kwenye kiti cha wageni anatabasamu, na mashine iko mezani inawaka vizuri kabisa, tupu, inang'aa kama imetoka dukani. "Nimewasaidia," alisema. "Nimeishukisha kwa Otis, ameifuta yote akaiweka upya." Bi Amina alikuwa ameshavua upande mmoja wa buibui. Akabaki hivyo hivyo. "Na picha?" Hamisi akasema tusijali, picha zipo, Otis hawezi kupoteza kitu cha mtu, kabla hajafuta kompyuta yoyote lazima anakili kila kilichomo kwenye diski yake mwenyewe, ndiyo sababu watu wanamwamini. Na ni kweli. Ndivyo mafundi wote wazuri wa mtaani walivyokuwa wakifanya, na wanaofanya hivyo wanasifiwa.

Hatukuwa tumemjibu tuliposikia sauti ya Mama Brayo kutoka chini, sauti ambayo ilikuwa ikifika hadi Mathare akitaka. "Zuhura! We Zuhura! Kuja uone kazi yenu kwa TV ya Otis! Ati mmekuwa maselebu na hamniambii!"

Sikumbuki nilivyoshuka ngazi. Nakumbuka tu kwamba nilichomoa leso kwenye kamba ya mtu, ilikuwa bado imelowa. Otis alikuwa na kibanda cha kutengeneza kompyuta na kuuza filamu za sinema, na alikuwa na skrini kubwa aliyoigeuza barabarani ili wapita njia waone filamu mpya. Asipokuwa anaonyesha filamu, alikuwa ameipanga ibadilishe picha moja baada ya nyingine, zozote zilizoko kwenye diski yake, maua, magari, wachezaji mpira, watu wavutiwe na rangi. Picha zetu alikuwa amezinakili humo humo. Wanaume walikuwa wamesimama, wengine na mitungi, mmoja na mtoto mabegani, na juu yao alikuwepo Nasra, mkubwa kuliko mtu, anacheka, nywele zote upande mmoja. Nilitupa leso juu ya skrini, maji yakatiririka, nikasimama mbele nimeinyoosha kwa mikono miwili. Wakaanza kunicheka. "Siste, toka basi, tulikuwa tunaona!"

Otis akatoka mbio. "Madam, madam, utaniunguzia skrini na hayo maji!"

"Zima!"

"Ni nini sasa? Si ni picha za harusi tu? Ni picha safi, hakuna uchi hapo. Mimi nilikuwa hata nawaambia hawa watu, hii kazi imefanywa na masiste wa hapa juu. Nilikuwa nawatangazia biashara!"

Uso wake ulikuwa wa mtu aliyetenda wema akatemewa mate. Alizima. Bi Amina alikuwa amefika, pumzi zimemwisha, buibui lake bado upande mmoja. Hakumgombeza. Alimwambia, "Mwanangu, huyo ni mke wa mtu, na hajawahi kuonwa kichwa na mwanamume asiye wake." Otis akatazama skrini iliyozima, akatazama leso, nikaona jambo linamwingia polepole. "Woi," alisema. "Mimi singejua." Mashine yetu ilikuwa imefutwa, kwa hiyo picha zilizobaki duniani zilikuwa kwake tu. Nilikaa ndani ya kibanda, milango imefungwa, nikazichoma kwenye CD, kisha Otis akazifuta kwenye diski yake huku Bi Amina amesimama juu ya bega lake. Alipomaliza akaifuta diski nzima, na filamu zake za kuuza zikaenda pia, bila sisi kumwomba.

Ila hatukujua nani aliona. Hilo ndilo lililonitoa usingizini na bado linanisumbua. Labda ni wale tu wa mitungi, ambao hawamjui Nasra kwa sura wala kwa jina. Labda alipita shemeji yake. Nilimwambia Bi Amina tunyamaze. Tukinyamaza, nilisema, huenda likapita, na tukisema tunaweza kumvunjia mtu ndoa ya wiki chache, na nani atatuvulia tena mtandio akisikia? Alikuwa anafunga CD ndani ya kitambaa. "Atasikia," alisema. "Nataka asikie kwangu."

Nyumba ya akina Nasra ilikuwa juu ya duka la vitambaa, ina mazulia mazito na saa ya ukutani yenye mlio mkali. Tulikaribishwa chai ya tangawizi na mahamri, na mama mkwe alikuwa jikoni, mlango wazi, tukimsikia akimwelekeza mtu namna ya kukata nyama. Bi Amina alisema yote kwa sauti ya chini, kwa mstari ulionyooka, bila kumtaja Hamisi, bila kumtaja Otis, bila kunitaja mimi. "Kazi ni yangu, lawama ni zangu." Nasra alikuwa ameshika hamri halijaumwa. Akaliweka chini. "Ile ya nywele?" aliniuliza mimi. Nikasema ndiyo. Jikoni kisu kilikuwa kinagonga ubao. Halafu akauliza swali ambalo sikulitarajia hata kidogo. "Imetoka vizuri?" Nikamwambia haijatoka picha nzuri kuliko ile. Ndipo machozi yakamshuka, akayafuta haraka kwa sababu mama mkwe alikuwa anakuja na sahani. "Nendeni," alisema. "Nitamwambia mume wangu mwenyewe. Msije tena hapa."

Habari ilitutangulia kila mahali. Aliyetuita kwa harusi ya Ijumaa akasema wameahirisha, na Ijumaa ile ile tukasikia vigelegele vyao. Yule mchora hina aliyekuwa akitugawia wateja akaanza kupita upande wa pili wa barabara. Mimi nilikuwa nikizunguka chumbani nikimlaani Hamisi, nikimlaani Otis, nikiilaani ile flashi, na Bi Amina alikuwa akikaa na tasbihi yake akiniacha nimalize. Siku moja aliniambia nimwite Nyambura. "Hiyo yako ya bure," alimwambia. "Mfundishe. Na sitaki picha hata moja iingie humo mpaka nimwone akiifungua mwenyewe, aitoe kila kitu, airudishe, na iwake." Nilicheka nikidhani ni utani. Hakuwa anatania.

Kwa hiyo nikaenda shule tena, kwenye chumba cha Nyambura, juu ya kitanda chake kwa sababu kiti kilikuwa kimoja na kompyuta ilikuwa imekikalia. Alikuwa mwalimu mkali. Alinipa bisibisi akakaa juu ya mikono yake asinisaidie. Niliondoa diski, nikaondoa kumbukumbu, nikazipiga vumbi, nikazirudisha, ikakataa kuwaka, nikatukana, nikaanza upya. Niliweka Linux, nikaiharibu, nikaiweka tena. Huko kwenye skrini yake nyeusi ya amri nilikuwa naandika neno moja vibaya na mashine inaniambia haijui ninachosema, na mimi nikiiambia hata mimi sikujui. "Pole pole, Zuu," Nyambura alikuwa akisema. "Hii kitu haina haraka na wewe." Haraka ndiyo niliyokuwa nayo. Kila siku iliyopita bila harusi niliiona kama siku ambayo wanawake wanazoea kuishi bila sisi.

Na nitasema kweli, kwa kazi ya picha mfumo ule uliniudhi. Programu ya bure ilikuwa na kila kitu mahali nisipopatarajia. Rangi zilikuwa na mambo yake: kwenye skrini uso ni mzuri, ukitoka kwenye printa mtu amekuwa manjano kama aliyejisinga liwa usoni akasahau kunawa. Ilibidi nichape picha moja ya Bi Amina mwenyewe, nikaishike dirishani kando ya uso wake kwenye mwanga wa asubuhi, nirudi nipunguze manjano, nichape tena, nirudi dirishani. "Mimi ni mweusi kuliko hivyo," alikuwa akisema, "usinibembeleze." Fremu za waridi hazikuwepo, wala mabata. "Alhamdulillahi," alisema.

Siku ya mtihani alikaa kwenye stuli mbele yangu, miwani puani. Nilifungua boksi la kompyuta, nikatoa kila kitu nikakipanga juu ya leso, nikakirudisha, nikabonyeza. Iliwaka. Nyambura alipiga kelele mlangoni, na mimi nikakaa chini, kwa mara ya kwanza mwaka ule bila kuambiwa. Kisha tukafunga diski kwa nywila. Hilo Nyambura alilieleza: bila nywila, hata fundi akiichomoa diski akaipeleka kwingine, ataona takataka tupu. Bi Amina akauliza nywila atakuwa nayo nani. Nikasema mimi. "La," alisema. "Nusu wewe, nusu mimi." Nikaandika nusu yangu yeye akitazama ukuta, akaandika nusu yake kwa kidole kimoja mimi nikitazama ukuta. Tukahamishia humo picha za ile CD, kisha CD yenyewe tukaivunja. Tangu hapo hatukuwahi kuiwasha mashine ile isipokuwa tuko pamoja. Nilimkasirikia kwa hilo mara nyingi, hasa alipochelewa kufika kutoka Majengo na kazi imenisubiri. Nusu yake sikuwahi kuijua, na ameondoka nayo.

Nasra alikuja mchana mmoja bila taarifa, peke yake, akasimama mlangoni kana kwamba atageuka. Mdogo wake Rahma alikuwa anaolewa. Hakutuambia kama ametumwa au amejituma, wala hakutuambia mumewe alisema nini alipomweleza, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. "Nasikia mna mashine mpya," alisema. "Nionyesheni." Tukaiwasha, nusu yangu, nusu ya Bi Amina, nyuso zetu ukutani kwa zamu, na Nasra akatutazama tukifanya kichekesho kile bila kucheka. Akaomba kuona picha zake. Alikuwa hajawahi kuziona. Alizipitia zote, na kwenye ile ya nywele akakaa muda mrefu, mkono umeshika mtandio wake chini ya kidevu. Kisha akasema nifungue boksi. Nilizima, nikalifungua, akaninyooshea kiganja nikamwekea diski. Akaipima mkononi. "Nywele zangu zote ziko humu?"

"Zote."

"Na ninyi wawili tu?"

"Wawili tu, tena pamoja," Bi Amina alisema. "Siwezi kukuahidi walioona hawakuona. Naweza kukuahidi hii."

Nasra akanirudishia diski. "Nitaona," alisema, akashuka ngazi. Bi Amina alisali rakaa nyingi siku ile. Mimi nilifagia chumba ambacho kilikuwa kimekwisha kufagiwa.

Tuliitwa. Rahma mwenyewe ndiye aliyetuita, na nikaenda nikiamini mambo yamekwisha. Kumbe! Nilipovuka kizingiti cha ukumbi na kamera shingoni, kelele zote zilikatika. Waliokuwa wamevua wakavuta mitandio. Waliokuwa hawajavua wakabana vifungo vya mabuibui hadi kooni. Jukwaani mpambaji akamteremshia Rahma shela usoni. Hakuna aliyenitukana, na ningeshukuru angalau mmoja angenitukana. Bi Amina alibaki mlangoni na mkoba wake, haombi, haelezi, amesimama tu atazamwe. Nilijua tukitoka pale bila picha hatutaitwa tena popote, si mwaka ule wala mwingine, na maisha yake yote ya kuaminiwa na wanawake yangeishia kwenye kizingiti kile, kwa mashine niliyoitaka mimi na ufunguo aliokuwa nao Hamisi. Nilitaka kukimbia. Miguu ilikataa, ndiyo hiyo miguu yangu isiyotulia.

Nasra alikuwa katika safu ya tatu, ubavuni mwa mama mkwe wake, amejifunga kama wengine. Alisimama. Mama mkwe akamshika mkono, naye akautoa taratibu, kwa adabu, akapita katikati ya viti akapanda jukwaani. Akavua buibui akalitupa juu ya kiti. Akavua mtandio. Akachomoa vibanio kimoja kimoja, hana haraka, nywele zikashuka hadi kiunoni, akakaa kando ya mdogo wake akanitazama usoni. "Piga, Zuhura," alisema. "Piga kabla sijabadilisha nia."

Niliinua kamera kwa pupa hata picha ya kwanza ikatoka ukungu mtupu. Rahma akafunua shela lake mwenyewe, akamtazama dada yake juu hadi chini. "Sogea basi, unanifunika," alimwambia. "Harusi ni yangu!" Mtu mmoja nyuma akaangua kicheko, halafu wengine, halafu ukumbi wote. Mama mkwe wa Nasra hakucheka, na hakuvua kitu siku ile hadi tulipoondoka. Lakini katikati ya kile kicheko nilisikia vifungo vya mabuibui vikifunguka, kimoja huku, kingine kule, kisha safu nzima.